Kusoma maelekezo ya dawa za maumivu sugu: dhana potofu na ukweli

Maumivu huitwa sugu yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Mwenye maumivu ya aina hiyo hamezi dawa siku tano kisha akazisahau. Huishi nazo kwa miezi, wakati mwingine miaka, na katika muda huo wote mwongozo wake mkuu ni mstari mmoja ulioandikwa kwenye bahasha au kopo la dawa: "1x3 baada ya kula", "1 usiku", "inapohitajika". Ufupi wa mstari huo unanitia wasiwasi, kwa kuwa kila neno lake lina sababu, na mara nyingi mgonjwa haelezwi sababu hiyo. Sehemu kubwa ya dhana potofu zinazofuata, kwa maoni yangu, zinatokana na jambo moja, nalo ni muda: saa zinazotenganisha dozi na dozi, wiki za kusubiri dawa ianze kufanya kazi, na siku zinazohitajika ili kuiacha kwa usalama.

"1x3 ni asubuhi, mchana na jioni, pamoja na milo."

Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge na ya pili ni idadi ya mara kwa siku. Siku inayohesabiwa hapa ni ya saa 24, usiku ukiwemo, kwa hiyo mara tatu ni kila baada ya saa 8 au karibu na hapo. Mtazame mtu anayemeza kidonge saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni. Dozi zake za mchana zimepishana kwa saa 6, kisha usiku kucha, saa 12 nzima, hapati nyingine; maumivu yanapomwamsha saa tisa usiku huamini kwamba dawa haimfai, ilhali ni ratiba yake iliyomwacha bila dawa. Vidonge vile vile vikimezwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, nafasi zinalingana. Kama dawa yenyewe inatakiwa imezwe pamoja na chakula, kipande kidogo cha chakula kabla ya kulala kinatosha.

Vilevile 2x1 si sawa na 1x2. Jumla ya vidonge kwa siku ni ile ile, lakini katika ya kwanza vidonge viwili humezwa kwa pamoja mara moja, na katika ya pili hugawanywa mara mbili. Nayo 500 mg iliyoandikwa pembeni ni nguvu ya kidonge kimoja, wala si jumla ya siku.

"Dawa ya maumivu humezwa maumivu yanapokuja."

Kuna dawa za kumezwa kwa saa na kuna za kumezwa inapohitajika, na mgonjwa mmoja anaweza kupewa zote mbili. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani, kumeza dawa kwa saa kulikuwa miongoni mwa misingi yake, kwa sababu maumivu makali yanayoachwa yarudi kwanza huwa magumu zaidi kuyashusha. Dawa ya kwa saa humezwa hata saa hiyo mgonjwa akijisikia vizuri. Nafuu aliyonayo huenda inatokana na dozi iliyotangulia.

Neno "inapohitajika" nalo halimaanishi kila unapotaka. Haliwi kamili bila tarakimu mbili: muda mfupi kabisa unaoruhusiwa kati ya dozi na dozi, na kiwango cha juu kwa saa 24. Chukua parasetamoli ya 500 mg. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2, nafasi isipungue saa 4, na jumla isizidi vidonge 8, yaani gramu 4, kwa saa 24. Mwenye uzito mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi huwekewa kikomo cha chini zaidi. Sasa mtu mzima aliyekwisha kufikisha vidonge 8 kwa ajili ya maumivu ya mgongo anapata mafua na kununua dawa ya mafua, ambayo mara nyingi nayo ina parasetamoli ndani yake. Amevuka kikomo bila kujua, na ini linaweza kuanza kuumia huku siku ya kwanza akijiona mzima. Ndiyo maana jina la kusomwa ni la kiambato, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

"Majina mawili, dawa mbili tofauti, na nikishiba hazinidhuru."

Ibuprofeni, diklofenaki na naproksini ni dawa za ukoo mmoja. Kuzichanganya huongeza madhara pasipo kuongeza nafuu ya maana. Chakula hupunguza kichefuchefu, lakini hakizuii vidonda vya tumbo kikamilifu, kwani dawa hizi hudhoofisha kinga ya ukuta wa tumbo zikiwa tayari ndani ya damu, hata zikiingia kwa sindano. Huweza pia kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, na hazifai katika miezi ya mwisho ya ujauzito.

"Nimepewa dawa ya ugonjwa mwingine."

Mgonjwa mwenye ganzi na miguu inayowaka moto anafungua karatasi ya maelezo ya amitriptilini na kukuta imeandikwa sonona. Mwingine anasoma kuhusu gabapentini na kukuta kifafa. Wengine huhisi wamedharauliwa, kana kwamba wameambiwa maumivu yao ni ya kuwazia, na huziweka dawa kando bila kusema neno. Hisia hiyo inaeleweka, na ingeepukika kwa maelezo ya dakika moja. Dawa hizi hutuliza ujumbe wa maumivu unaopita kwenye neva, kazi ambayo parasetamoli haiifanyi vizuri. Amitriptilini ya maumivu huanzishwa kwa kiwango kidogo, kwa kawaida 10 mg au 25 mg, nayo humezwa usiku kwa sababu huleta usingizi. Matokeo huchukua wiki kadhaa, na kiwango hupandishwa hatua kwa hatua. Anayeiacha siku ya nne kwa kuwa haijamsaidia ameiacha kabla ya wakati wake, tena katika siku zile ambazo ukavu wa mdomo na usingizi ndivyo vinavyosumbua zaidi.

"Kidonge kikubwa kisagwe kidogo ili kimezeke."

Si kila kidonge. Vidonge vyenye herufi SR, MR au XR, au neno "retard", vimetengenezwa vitoe dawa taratibu kwa saa 12 au 24. Kikisagwa au kutafunwa, dawa ya saa zote hizo huingia mwilini kwa pamoja, na kwa mofini, dawa ya maumivu makali, kosa hilo linaweza kuua. Asiyeweza kumeza aulizie dawa ya maji, na akiipata apime kwa bomba la sindano lililotolewa nayo, huku akihakikisha kama ameandikiwa mg (uzito wa dawa) au ml (ujazo wa maji yake).

"Mofini na tramadoli zitanifanya mraibu."

Hofu hii ina msingi, lakini inachanganya mambo mawili. Mwili kuzoea dawa, hata ukasumbuka ikikatwa ghafla, hutokea kwa watu wengi wanaoitumia kila siku kwa muda mrefu. Uraibu ni kuitamani dawa na kuitumia bila kujizuia ijapokuwa inaharibu maisha. Hatari hiyo ipo, na ndiyo sababu daktari huandika kiasi kamili na tarehe ya kurudi. Dawa ya kulainisha choo inayoandikwa pamoja na mofini ni sehemu ya matibabu, kwa kuwa tatizo la kufunga choo haliishi kwa mwili kuizoea dawa. Pombe na dawa za usingizi kama diazepamu ziepukwe, isipokuwa daktari ameamua vingine, maana zikiungana na mofini huweza kusimamisha pumzi. Mgonjwa anayepumua polepole mno, midomo ikibadilika rangi, asiyeamka anapotikiswa, apelekwe hospitali wakati huo huo.

"Nimeruka dozi, nitameza mbili, nimepona, naacha leo."

Dozi iliyorukwa haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Kuhusu kuacha, gabapentini, amitriptilini, tramadoli na mofini zilizotumiwa kwa wiki nyingi hupunguzwa kidogo kidogo. Mgonjwa aombe ratiba ya kupunguza iandikwe kwa tarehe na idadi ya vidonge. Na aliyekaa siku kadhaa bila mofini asirudie kiwango chake cha zamani kabla ya kuzungumza na daktari au mfamasia, kwa sababu mwili hupoteza uzoevu wake, na dozi iliyokuwa salama wiki iliyopita huenda sasa ikamzidi.