Nani mwenye ruhusa ya kumaliza hadithi?

Kila ninapozungumza na watu kuhusu fasihi simulizi, swali huwa lile lile: kwa nini hadithi zetu za zamani huisha vibaya? Mwema anakufa, mjanja anatoroka, na aliyedhulumu anarudi alikotoka bila hata kuomba radhi. Swali zuri, lakini mimi limenichosha. Kwa muda wote niliokaa na wasimulizi na kurekodi watu wakipiga soga, kinachonivuta zaidi ni jambo dogo tu: nani anayesema imekwisha, na nani anayekubali kwamba imekwisha. Kwetu mambo hayo mawili mara chache hufanywa na mtu mmoja.

Mwanzo wa hadithi kila mtu anaujua. "Paukwa!" "Pakawa!" Au "Hadithi, hadithi!" na watoto waitikie "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Asipoitikiwa, msimulizi haanzi. Vitabu vya shule hueleza hapo kwa kirefu, vikifika mwisho vinaandika mstari mmoja kuhusu "fomyula ya kumalizia" na kupita zao. Mimi ningefanya kinyume. Wasimulizi wa kale wa pwani walikuwa na maneno ya kufungia ambayo kila nikiyakuta hunifurahisha: ikiwa njema hadithi hii, wema wake ni wetu sote, ikiwa mbaya, ubaya ni wangu peke yangu. Maneno ya namna hiyo yamo hata katika hadithi ambazo Edward Steere alizikusanya Unguja na kuzichapa London mwaka 1870. Hayasemi lolote kuhusu kisa chenyewe. Msimulizi anawakabidhi watu mali, anabaki na lawama, anashuka jukwaani kwa adabu.

Watunzi wa tenzi wao waliweka sahihi. Mwana Kupona binti Mshamu, alipokuwa akifunga wasia kwa binti yake katika utenzi wenye beti 102, alitaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, akaomba msamaha wa dhambi zake, akaweka na mwaka: 1275 wa Hijria, yaani 1858. Tenzi nyingi za zamani huweka na hesabu ya beti pale mwishoni, na mnakili mzembe akiruka ubeti mmoja hesabu inamsuta.

Nirudi kwa wale wanaolalamikia mwisho mbaya. Katika mkusanyo huo wa Steere kuna kisa cha Sultani Darai. Masikini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota sarafu ndogo, ananunua paa. Paa anajua kusema. Anamtafutia bwana wake binti wa Sultani Darai, anamuua joka lenye vichwa saba na kumpa bwana jumba la joka pamoja na mali yake yote. Kisha paa anaugua. Bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama mbaya, basi. Mke analia, mume hajali. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Usiku ule mke anaota yuko kwa baba yake, na kulipokucha yuko kwa baba yake kweli. Mume naye anaota anachakura jaani. Anaamka, yuko jaani. Watoto wanapita njia wanamwona, wanamuuliza alikuwa wapi siku zote hizo, maana walidhani amekwisha kufa.

Hapo ndipo kisa kinapokatika. Hakuna hotuba, hakuna mzee wa busara anayejitokeza kueleza. Na kwa sababu hakuna, nawakataza wanafunzi wangu kuzima rekoda pale msimulizi anaposema "imeishia hapo". Wakizima wanaondoka na nusu. Mara tu neno hilo likitoka, baraza linaamka: huyu anasema mwanamume kajitakia, yule anauliza mke kosa lake nini, mbona naye kapoteza nyumba, wa tatu anadai paa ndiye mjinga, angeondoka mapema. Msimulizi mzoefu hukaa kimya akawaacha wavutane, mara nyingine anachochea. Mwisho wa kisa ni wake. Mwisho wa kikao unafungwa na wenye kusikiliza, hasa na yule bibi anayesema kesho kuna shule.

Kwenye simu mambo ni hayo hayo. Mwaka 1973 Wamarekani wawili, Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, walichapisha makala iliyopata umaarufu mkubwa katika taaluma yetu ya kuchunguza mazungumzo. Hoja yao ni kwamba mazungumzo hayaishi yenyewe. Watu huyafunga kwa pamoja, na kabla ya kuagana kila mmoja humwonyesha mwenzake kwamba hana la kuongeza na kumpa nafasi aseme kama analo. Waliyachunguza mazungumzo ya Kiingereza. Nilipoanza kusikiliza simu za Kiswahili niliona hoja yao imesimama, ila sisi tumeipanua ile nafasi mpaka imekuwa sebule. Sikiliza:

— Haya basi.
— Haya, wasalimie.
— Salamu zimefika. Na hapo kwako wote wazima?
— Wazima, wanakusalimu.
— Haya.
— Haya, haya.
— Eh, shemeji! Na lile jambo letu limefikia wapi?

Dakika zote za mwanzo zimekwenda kwa hali ya hewa, bei ya mchele na homa ya mtoto. "Lile jambo letu" ndilo lililompigisha simu. Ukihesabu "haya" zilizotangulia utaona alikuwa akilisogelea kidogo kidogo, na amelileta pale ambapo mwenzake angeweza kulikwepa bila aibu kwa kisingizio kwamba vocha inaisha. Maombi ya pesa hukaa hapo hapo. Habari mbaya pia. Ninapochambua rekodi siku hizi naanzia kwenye "haya" ya kwanza, narudi nyuma baadaye.

Mgeni naye haondoki kwa kuaga tu. Anaomba. "Jamani, niwaombe ruhusa." Mwenyeji akijibu moja kwa moja "haya, karibu tena" amemfukuza. Lazima aukatae mwisho ule wa kwanza: "Mbona mapema hivyo? Hata chai hujanywa!" Kikombe kitupu kiko mbele yao wote wawili na hakuna anayecheka. Mgeni anakaa tena kidogo, anaomba mara ya pili, sasa anaruhusiwa, na mwenyeji anavaa ndala amsindikize. Huko njiani ndiko yanakosemwa yaliyomleta: mahari iliyokwama, kiwanja kinachogombaniwa, kijana anayetafutiwa kazi. Ndani kulikuwa na watoto na masikio mengi. Ndiyo maana kutomsindikiza mgeni ni zaidi ya kukosa adabu. Umemnyima mahali pa kusemea. Mjini bodaboda inayopiga honi getini imeua sehemu kubwa ya mazungumzo haya, na sijaona mtu akiisikitikia ipasavyo.

Kwenye msiba ruhusa ya kumaliza ina mwenyewe, na anajulikana. Baada ya maziko, mzee mmoja au msemaji wa familia anasimama. Anawashukuru waliokuja, anatangaza kwamba aliyekuwa akidaiana na marehemu amwone fulani, kisha anasema tanga litaanuliwa lini. Kabla hajasema hayo mikeka haikunjwi na hakuna jirani anayeondoa sufuria yake jikoni, hata kama ana safari. Mambo yanafungwa kwa tabaka: kuna siku ya kuanua tanga, kuna arobaini, na kwa mjane wa Kiislamu kuna eda ya miezi minne na siku kumi. Majirani wanarudi kwenye shughuli zao siku ya tatu na hakuna anayewalaumu. Mjane bado yumo ndani ya yale yale. Walimu wa fasihi tungekuwa na la kujifunza hapo kabla hatujachora ule mstari wetu wa mwanzo, kati na mwisho ubaoni, kana kwamba wote waliomo kisani hutoka siku moja.

Kisa kinachonionyesha jambo hili vizuri kuliko vyote ni kifo cha Fumo Liongo. Ni yule shujaa wa pwani ambaye hakuna kilichoweza kumuua ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Wengi wanakumbuka sindano hiyo, na mtoto aliyemsaliti baba yake. Mimi hukaa zaidi kwenye yanayofuata. Liongo akiisha kuchomwa anachukua uta na mishale yake, anakwenda mpaka karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anatia mshale na kuvuta kama anayetaka kupiga. Anafia katika hali hiyo. Watu wa mji wanakuja na mitungi, wanamwona, wanakimbia. Kesho vilevile. Mji mzima una kiu, kisima kipo, na hakuna anayethubutu kusogea. Wanamwendea mama yake ambembeleze mwanawe aondoke watu wapate maji. Mama anakwenda, anambembeleza kwa nyimbo, hajibiwi. Mpaka siku anapoanguka mwenyewe ndipo wanapojua kwamba alikuwa amekwisha kufa zamani.

Kwa msikilizaji Liongo amekufa pale alipochomwa. Kwa watu wa mjini bado anaishi, na kwa siku zote hizo maiti inatawala mji kuliko alivyoutawala mtu. Msimulizi anayejua kazi yake hapaharakishi hapa. Niliwahi kumsikia mmoja akiwapeleka wanawake kisimani na kuwarudisha, akawapeleka tena na kuwarudisha, kila mara kwa mtungi mtupu, mpaka watoto waliokuwa wakimsikiliza wakaanza kupiga kelele: "Kafa huyo! Mwambieni kafa!" Alitaka wao ndio waseme.

Kwenye vibanda vya video nao wana sheria yao: stelingi, yaani mhusika mkuu wa picha, hafi. Picha inaweza kumpiga risasi, kumtupa mtoni, kumfungia kwenye nyumba inayoungua. Watazamaji wanaendelea kula karanga. Akifa kweli, wanalalamika kwamba picha imekatwa, lazima kuna sehemu ya pili. Ni watu wa mji wa Liongo wale wale, wamegeuzwa tu: hawa wanakataa kuamini kifo kwa sababu wanampenda.

Mtaani siku hizi kuna "imeisha hiyo". Mtu unamwomba akusaidie jambo, anakujibu "imeisha hiyo" hata kabla hujamaliza kueleza. Uzoefu wangu ni kwamba kazi haijaanza, na kama ni fundi, hata vifaa hajanunua. Amejitangazia mwisho peke yake bila wa kuitikia, na ndiyo maana sisi tunaosikia hatulali kwa amani.

Shuleni ndiko ninakoona tumeharibu. Wanafunzi wamefundishwa kwamba insha nzuri hufungwa kwa methali: "Tangu siku hiyo niliamini kuwa waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakukosea." Nimesahihisha insha za ajali ya basi, za ndoa iliyovunjika, za mtoto aliyepotea sokoni, zote zimefungwa kwa sentensi hiyo hiyo. Ukiwakataza, wanahamia kwenye ndoto: "Mara nikazinduka, kumbe ilikuwa ndoto tu." Kenya, mtihani wa Insha wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, una kawaida ya kumpa mtahiniwa maneno ya kumalizia kisha yeye atunge kisa cha kufika hapo. Zoezi gumu, na mimi nalipenda, maana linamlazimisha mtoto aulize njia ipi inafika huko. Wengi bado huandika walichokariri, halafu wanayabandika yale maneno chini.

Wanaofanya kazi ya mwisho kwa akili kuliko wote sasa ni watunzi wa riwaya za simu, wale wa Facebook, WhatsApp na Telegram. Wamerithi "itaendelea" ya magazeti, ile iliyokuwa ikikatia mhusika mlango usoni na kukuambia usikose toleo lijalo. Ila gazeti halikuwa na wa kulijibu papo hapo. Mtunzi wa leo akikata sehemu ya kumi na mbili pale mke anaposhika simu ya mume, kabla mtunzi hajaiweka chini simu yake mwenyewe watu wameshajaa: tuna arosto, tupia nyingine, usitufanyie hivyo, mtunzi uko wapi. Wengine huuza mwisho kabisa: sehemu za mwanzo bure, anayetaka yote atume pesa. Wasomaji hulalamika na hutuma.

Akichelewa mno, wanamalizia wenyewe. Mmoja anamrudisha mume nyumbani, mwingine anamfilisi, wa tatu anasema mtoto si wake. Na mtunzi akiandika MWISHO kwa herufi kubwa wakati wao hawajaridhika, anaulizwa mwisho gani huo, yule binti wa nje kaachwa wapi, na nyumba ya Kibaha nani kaichukua. Wengi hawana ubishi wa kushinda hapo. Baada ya wiki mbili tatu wanarudi na msimu wa pili, wanakuta wasomaji wameshawapa watoto majina.