Je, wajua kwa nini migongo ya vitabu ikipangwa hugeuka shairi?

Chukua vitabu vitano, uvilaze kimoja juu ya kingine, migongo ikikutazama, kisha soma majina kutoka juu hadi chini. Jana jioni hapa Kampala mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alivipanga hivi kwenye benchi la jikoni:

Mbali na Nyumbani
Dunia Mti Mkavu
Asali Chungu
Kiu
Karibu Ndani

Hakutunga hata neno moja, na bado msafiri yumo, taabu imo, koo limekauka, mlango unafunguliwa. Nikamwambia ahamishe viwili vya mwisho, "Karibu Ndani" kitangulie "Kiu". Msafiri yuleyule sasa kakaribishwa kwenye nyumba isiyo na hata maji ya kunywa. Kijana akanyamaza kidogo. "Mjomba, hii inauma."

Kwa nini inauma? Jina la kitabu limekamuliwa likabaki tone. Halisemi nani wala lini, na baina ya jina na jina hapana kiungo, kwa hiyo anayeunga ni msomaji mwenyewe. Nasi Waswahili tumezoea kuunga: kanga inasema nusu, jirani anamalizia moyoni. Tena majina mengi ya vitabu vyetu ni vipande vya methali. "Wakati Ukuta" ya Ebrahim Hussein inakuachia umalizie kwamba ukipigana nao utaumia mwenyewe. "Lina Ubani" ya Penina Muhando inaibishia methali ya la kuvunda. Na "Dunia Mti Mkavu" ya Said Ahmed Mohamed inaita "kiumbe usiuelemee" hata kabla hujafunua kurasa. Ihesabu: du-ni-a-m-ti-m-ka-vu. Mizani 8 kamili, nusu ya mshororo wa shairi la mizani 16! Mgongo ule, uliochanika na kubandikwa selotepu, ulikuwa umebeba kipande cha shairi siku zote rafuni.

Uchapishaji nao unasaidia. Kwenye vitabu vya Kiingereza, na vingi vya Afrika Mashariki, maandishi ya mgongoni hushuka toka juu kwenda chini. Ukikilaza kitabu jalada la mbele likiwa juu, jina linasomeka sawasawa. Vingi vya Ufaransa hupandisha maandishi, hivyo ukivilaza namna hiyo jina linapinduka.

Aliyeufanya mchezo huu kuwa sanaa inayojulikana ni Nina Katchadourian wa Marekani. Tangu 1993 amekuwa akipitia maktaba za watu na za taasisi, akipanga vitabu na kuvipiga picha. Uganda ni mahali pazuri pa kuujaribu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na katika nyumba kama yetu vitabu vyake sasa vinabanana na vya Kiingereza na Kiganda.

Asubuhi nimekuta rundo bado lipo benchini. Mama yake amepita usiku, akaweka "Siku Njema" juu kabisa. Mistari miwili ya kwanza sasa inasomeka kama sentensi moja: siku njema, mbali na nyumbani.