Maikrowevu, mwanga na kompyuta za kwantamu: wanachouliza wanafunzi wangu Kigoma

Kompyuta nyingi za kwantamu, yaani zinazokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo mno, hutumia maikrowevu, ambayo ni mawimbi ya redio. Ili ziunganishwe zikiwa mbali, hutafutwa kigeuzi: kifaa cha kugeuza fotoni (punje moja) ya maikrowevu iwe fotoni ya mwanga, ipite kwenye faiba.

Dhana: "Kazi hiyo ilishafanyika, mwalimu. Minara ya simu hapa Kigoma hupokea redio na kuipitisha kwenye faiba."

Ukweli: Kifaa cha mnarani husoma ujumbe, kisha huuandika upya kwa leza. Ujumbe wa kwantamu ukisomwa umeharibika, na tangu 1982 imethibitishwa kwamba hali ya kwantamu isiyojulikana hainakiliki. Kigeuzi kinatakiwa kuivusha fotoni ikiwa nzima, bila kuichungulia.

Dhana: "Basi maikrowevu yenyewe yapite kwenye waya, mwanga wa nini?"

Ukweli: Jibu wanalo wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza karabai zao huwavuta dagaa. Mbalamwezi ikijaa wanapumzika, kwa kuwa taa humezwa. Kwa maikrowevu, mbalamwezi ni joto. Kila kitu chenye joto huyatoa mawimbi hayo. Katika gigahezi 5 (mitetemo bilioni tano kwa sekunde), zinakofanyia kazi mashine nyingi za kwantamu, waya uliokaa kwenye nyuzijoto 27 hubeba fotoni za joto zaidi ya elfu moja mahali ambapo wewe umetuma moja tu. Ndiyo maana mashine hizo huwekwa kwenye majokofu ya pekee, sehemu moja au mbili kwa mia za digrii moja juu ya sifuri kamili. Mwanga wa faiba una masafa ya takriban terahezi 193, karibu mara 40,000 zaidi, na joto la mchana wetu haliuzamishi. Kwenye faiba nzuri, nusu yake hufika hata baada ya kilomita 15.

Dhana: "Kumbe intaneti itakuwa na kasi zaidi!"

Ukweli: Hapana. Lengo ni kuunganisha kompyuta za kwantamu zilizo mbalimbali.

Dhana: "Kinachotafutwa ni kigeuzi kisichopoteza fotoni."

Ukweli: Hilo ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili, yaani kutoongeza kelele (fotoni za ziada zisizo na ujumbe), ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwaka 2018 watafiti wa Boulder, Marekani, walitumia utando mwembamba unaotetemeka kama ngozi ya ngoma, maikrowevu yakiusukuma na mwanga ukiupokea mtetemo wake. Ufanisi ulifika 47%, lakini kelele iliyoongezeka ilikuwa ya fotoni 38. Leza inayosaidia ugeuzaji nayo hupasha joto kifaa kilekile kinachopaswa kubaki baridi. Ukiongeza leza, unavusha zaidi. Na papo hapo mwezi unachomoza ndani ya jokofu.