Uwanja mkubwa haumchoshi mbwa

Kuna hii kauli naisikia sana mtaani, eti "mimi uwanja wangu mkubwa, mbwa anakimbia humo humo, kumtembeza wa nini". Na mimi niliamini hivyo mpaka nilipokuwa na jemani shepadi wa miezi 10, uani pana nafasi ya kupaki magari manne lakini kila nikirudi kazini nakuta ndala imetafunwa, shimo limechimbwa kwenye mchaichai, na pembeni ya ukuta kapita njia ile ile mpaka majani yameisha.

Kumbe mbwa akiachwa peke yake hafanyi mazoezi ya maana, muda mwingi analala tu anasubiri geti lifunguliwe, na ule uwanja ashaunusa wote hauna jipya. Hawa jemani shepadi walizalishwa Ujerumani kuchunga kondoo, kwa hiyo kichwa nacho kinataka kazi, siyo miguu tu. Kinachomchosha ni kutoka na wewe anuse kila nguzo (jamani msiwavute kamba muda wote, habari zote za mtaa anazipata puani), afu mkirudi dakika 10 za kumfundisha kukaa, kusubiri, kutafuta kipande cha nyama ulichoficha.

Tokeni saa 12 asubuhi au jioni jua likipoa, sababu mbwa anajipoza zaidi kwa kuhema na lami ya saa 7 mchana inaunguza nyayo. Ila usije ukamkimbiza kilomita kibao nyuma ya pikipiki, mbwa wa umbo kubwa mifupa bado inakua hata akifika mwaka, ukimuumiza viungo saivi utazoeana na daktari wa mifugo.