Je, wajua? Nzi chuma akishakuwa mkubwa hana shida na chakula chako

Jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, aliponiambia anafuga nzi ili kuku wake wapate msosi, nikafunga madirisha. Nzi ni nzi jamani, anatoka chooni anakuja kutua kwenye mboga, sasa mtu anawazalisha makusudi? Nilishaanza kuhesabu siku za kipindupindu.

Kumbe nimekosea vibaya. Huyu ni nzi chuma, mweusi, mrefu, ukimwona haraka unadhani nyigu. Nzi wa nyumbani anakusumbua kwa sababu ana njaa, anatema mate kwenye sahani, anafyonza, anahamia kwingine na uchafu wake miguuni. Nzi chuma ni kama dereva aliyejaza tanki Dodoma, hapiti sheli yoyote mpaka Moro. Mafuta yote, na ni mafuta kweli, kayajaza akiwa funza, yakiisha na safari imeisha. Ana kama wiki moja ya kutafuta mwenza, anataga mayai mia kadhaa, anakufa. Sasa jikoni kwako afuate nini? Wapo waliowapa maji ya sukari wakaishi siku kadhaa zaidi, kwa hiyo kusema nzi chuma mkubwa hali chochote kabisa ni kuzidisha kidogo.

Hilo tanki ndo kuku anachokitaka. Funza anapiga maganda ya viazi, tikiti lililopasuka la soko la Sabasaba, ugali uliolala, kama wiki mbili hivi, ukimkausha protini inafika kama asilimia 40, kuku na sato wanakula na dagaa wanatubakia sisi. Niliweka mkono kwenye beseni, lina joto kama hotpoti, halafu wanachakarika kama chipsi zinakaangwa nyumba ya pili. Wakishiba wanageuka weusi, wanaacha kula, wanatafuta pakavu, basi jirani kaegesha ubao tu, wanaupanda wenyewe wanadondokea kwenye ndoo. Mfugo unaojivuna, tena kihalali.

Ila sio kila taka. Kadimiamu, metali yenye sumu, ikiwepo kwenye taka inabaki mwilini mwa funza, na Ulaya mabaki ya hotelini hayaruhusiwi kulishiwa funza wa kulisha mifugo. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa kwenye nafaka, ile iliyoua watu huku kwetu 2016, majaribio yanaonyesha funza hailimbikizi, ila hayo ni ya maabara, mahindi yaliyovunda mi nisingeyapeleka.

Funza wenyewe jirani anawachemsha kwanza ndo anawaanika. Mwezi wa saba baridi ikibana wanazubaa, beseni analifunika na viroba.