Familia inaenda jangwani Arizona, Marekani, siku chache: tunayoambiana na ukweli wake

La kwanza ndo linalonitia hofu kuliko yote, maana tunaambiana wenyewe kwa wenyewe: "Sisi watu wa Dar na Mombasa joto tumelizoea." Hapana jamani. Joto la pwani lina unyevunyevu, jasho unaliona, shati linalowa, unakumbuka kunywa maji. Phoenix, mji mkuu wa Arizona, hewa ni kavu mno, jasho likitoka tu limeshakauka, mtoto anacheza ngozi kavu kabisa unadhani yuko poa kumbe maji yanamwisha mwilini. Na joto lenyewe si lile tulilolizoea, mwaka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo za nyuzi 43 au zaidi, na lami ya mchana inaweza kupita nyuzi 70, kwa hiyo mtoto asitoke pekupeku kwenye swimingi puli kukatiza pakingi, ataungua mpaka alazwe.

"Ngozi nyeusi haiungui jua." Inakinga kiasi, haikingi yote, na kuzidiwa na joto hakuangalii rangi ya mtu. Vaeni kofia, mikono mirefu, pakeni sanskrini, watoto kwanza.

"Maji tu yanatosha." Maji ndiyo, kama lita 4 kwa mtu mzima kwa siku, lakini ukiyafululiza bila kula chochote chumvi ya damu inashuka na hiyo nayo inaua. Bebeni karanga za chumvi, krips, chochote chenye chumvi.

"Jangwa ni joto mwaka mzima." Ukingo wa kusini wa Grand Canyon, lile bonde kubwa la mawe, uko kama mita 2,100, juu kuliko Nairobi, na Desemba kuna theluji, watu wanafika na fulana wanatetemeka. Barabara ya ukingo wa kaskazini ndo inafungwa kabisa msimu huo. Halafu ukishuka chini bondeni kiangazi cha kule (Juni mpaka Agosti) mambo yanageuka, kule chini kuna joto kupita juu kwa nyuzi 10 na zaidi, na kushuka ni raha ila kupanda huchukua kama mara mbili ya muda, kwa hiyo na watoto wadogo tembeeni juu ukingoni, mandhari ni yaleyale na mtarudi wote salama.

"Vyote viko jirani, wikendi moja inatosha." Kutoka Phoenix hadi ukingo wa kusini ni saa tatu na nusu hivi kwa gari. Lile daraja la kioo ambalo kila mtu anataka kupigia picha haliko pale, liko kwenye ardhi ya Wahualapai, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, saa nne nyingine barabarani. Kwa maoni yangu siku chache na watoto chagueni sehemu mbili tu.

"Anga likiwa safi hakuna mafuriko." Hili naomba mlishike. Agosti 1997 watu 11 walikufa Antelope Canyon, mvua yenyewe ilinyesha mbali huko, maji yakaja kwa kasi kwenye ule mwanya mwembamba wa mawe. Siku hizi huingii bila mwongozaji wa Kinavajo (Wanavajo ni kabila jingine la wenyeji asilia, ndo wenye ardhi hiyo), na akisema leo hatuingii msibishane naye. Kuanzia katikati ya Juni mpaka mwisho wa Septemba ndo msimu wa hizo mvua.

"Kadi ya hifadhi za taifa inaingia kila mahali." Monument Valley (lile bonde la minara ya mawe) na Antelope Canyon ni mali ya Wanavajo, wana viingilio vyao na sheria zao, kadi ya serikali kuu haifanyi kazi.

Na saa zinachanganya sana. Arizona haibadilishi saa kiangazi lakini nchi ya Wanavajo inabadilisha, simu yako itaruka saa moja mbele halafu irudi nyuma ukiwa barabarani tu, sasa kama mmeshalipia matembezi, pigeni simu kabla mkaulize wanahesabu saa ya Phoenix au ya Kinavajo.