Maumivu yameisha, bakteria bado wapo: maswali na majibu kuhusu utando wa kinywani na tumboni

Anayeumwa jino na anayeumwa vidonda vya tumbo mara nyingi hufika kituo cha afya na historia ileile. Wamekwisha kupita duka la dawa mara tatu, nne, wakaomba "za siku tatu tu", wakapata nafuu, wakaacha. Adui yao pia anafanana: bakteria wanaoishi ndani ya utando. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila wiki.

Utando wa bakteria ni kitu gani?

Ni bakteria waliojishikiza mahali na kujifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe. Pitisha kidole ndani ya dumu la maji ambalo halijasuguliwa wiki mbili. Ule utelezi ndio utando. Suuza dumu mara kumi, utelezi upo palepale; mpaka utie mchanga na sabuni, utikise. Likumbuke dumu hilo, tutalirudia.

Kinywani unaanzaje?

Dakika chache tu baada ya kupiga mswaki, protini za mate hulivika jino ngozi nyembamba isiyoonekana. Saa chache baadaye bakteria wa kwanza wananata juu yake. Kisha mwenzao, Streptococcus mutans, huchukua sukari ya kawaida, ya chai, soda au biskuti, akaigeuza gundi. Wengine wananasa kwenye gundi hiyo, tabaka juu ya tabaka. Kesho yake ukikwaruza shingo ya jino kwa ukucha unatoka na kitu cheupe, laini. Ndio huo.

Ukiachwa, madini ya mate huanza kuugandisha ndani ya siku chache, ukawa ugaga: jiwe la njano au jeusi lililoshika jino karibu na fizi. Ugaga hauondoki kwa mswaki. Hauondoki kwa mkaa wala kwa majivu, na ndimu italila jino lenyewe. Unakwanguliwa na mtaalamu wa kinywa kwa vifaa vyake.

Kila ukionja sukari, bakteria hao hutoa asidi. pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikifika chini ya 5.5 au karibu na hapo jino linaanza kupoteza madini, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kurekebisha hali. Ndiyo maana soda moja inayonyonywa kidogokidogo mchana kutwa huharibu kuliko soda hiyohiyo iliyomalizwa pamoja na chakula. Chai ya sukari vijiko vinne inayorudiwa mara tano kwa siku ni hesabu ileile.

(Wanaotoka maeneo ya Arusha na Kilimanjaro ambako maji yana floridi nyingi: ile kahawia iliyoingia ndani ya meno tangu utotoni si ugaga. Msiikwangue kwa kisu. Haitoki, na jino mnalichimba.)

Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Nipumzishe sehemu hiyo?

Usiipumzishe. Fizi inatoka damu kwa sababu utando umekaa pale na mwili unapambana nao. Ukiacha kuisugua unaupa utando nafasi ya kunenepa, na damu itaongezeka. Tumia mswaki laini, uinamishe uelekee mpaka wa jino na fizi, zungusha taratibu dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Kijiti cha kiberiti kinachana fizi na utando kinauacha. Mswaki wa mti ni mzuri kwa anayejua kuutumia, lakini wengi husugua meno sita ya mbele yanayoonekana kwenye kioo, magego yakabaki na utando wake.

Ukisafisha hivyo kila siku, fizi iliyovimba kwa utando tu hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Isipotulia, kuna ugaga chini yake: nenda ukakwanguliwe. Mwenye kisukari asisubiri hata hizo wiki mbili, maana fizi mbovu hupandisha sukari na sukari iliyopanda huozesha fizi.

Nasikia kukwangua ugaga kunalegeza meno.

Kinalegea kilichokuwa kimeshalegea. Utando uliokaa miaka chini ya fizi husababisha mfupa unaoshika jino kuliwa, na ugaga unabaki kama saruji inayoshikanisha meno yaliyokosa msingi. Ukiondolewa, ukweli unaonekana. Anayeogopa kukwanguliwa leo kwa sababu hiyo atarudi baadaye kung'olewa, na wakati huo hatakuwa na la kuchagua.

Jino likiuma, si ninywe antibaiotiki uvimbe ushuke?

Hapana.

Hata amoksisilini za siku tatu?

Hata hizo. Jino lililooza hadi ndani, kiini chake kimekufa na hakipitishi damu tena. Dawa unayomeza husafiri kwa damu. Ndani ya jino hilo haifiki. Kinachofika ni kiasi kinachotuliza uvimbe wa pembeni, maumivu yanapungua, unashangilia. Utando ulio ndani ya jino haujaguswa. Ni kusuuza dumu. Kinachotibu ni mkono wa mtaalamu: kuziba jino, kusafisha mizizi, kutoa usaha au kung'oa. Antibaiotiki huongezwa pale maambukizi yanaposambaa au homa inapopanda, na anayeamua hilo ni aliyekuchungulia kinywani, si aliye nyuma ya kaunta.

Mafuta ya karafuu yanatia ganzi kwa muda, na kwa usiku mmoja wa kusubiri kupambazuke si mabaya. Kuweka aspirini juu ya fizi ni kuiunguza. Mafuta ya taa na maji ya betri hayahitaji maelezo, ila bado watu wanayatumia.

Uvimbe ukishuka wenyewe je?

Umejificha. Jino lililowahi kutunga usaha halijiponyi. Safari nyingine usaha unaweza kushuka chini ya ulimi na kwenye shingo, na hapo mtu anakufa kwa kukosa pumzi, kwa jino tu. Ukiona uvimbe chini ya kidevu, ulimi umeinuliwa, mate yanadondoka kwa kushindwa kumeza, mdomo haufunguki au sauti imebadilika, usipitie duka la dawa kabisa. Hospitali, saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Na tumboni, bakteria wanaishije kwenye asidi yote ile?

Helicobacter pylori hakai katikati ya asidi. Ana kimeng'enya cha kuvunja urea kuwa amonia, inayopooza asidi iliyomzunguka, na ana mikia ya kuogelea inayompeleka ndani ya ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo. Huko chini asidi ni kidogo. Huko anajishikiza, na wakijikusanya wanatengeneza utando wao juu ya ukuta wa tumbo. Wengine hugeuka umbo kutoka msokoto hadi duara na kusinzia, bila kugawanyika.

Mpaka mwaka 1982, Robin Warren na Barry Marshall walipofanikiwa kumwotesha maabara huko Perth, Australia, vidonda vya tumbo vililaumiwa mawazo na pilipili. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pilipili bado inalaumiwa. Inachoma kidonda kilichopo; haikitengenezi.

Wengi huambukizwa utotoni, nyumbani, kwa mate, matapishi na uchafu wa choo unaofika kwenye chakula na maji. Kumtafunia mtoto chakula kunampa bakteria wa tumbo na wa meno kwa mkupuo. Vinasaba vya Helicobacter vimekutwa hata kwenye utando wa meno, lakini usipige mswaki ukidhani unatibu tumbo.

Kwa nini nipewe dawa tatu kwa wakati mmoja?

Kwa sababu tumbo hulisugui kama dumu. Kwenye utando dawa hupenya kwa shida, na bakteria wa chini waliosinzia hawadhuriki na amoksisilini, ambayo huua wanaojenga kuta mpya wakati wa kugawanyika. Omeprazoli inapunguza asidi. Asidi ikipungua bakteria wanaamka na kugawanyika, na antibaiotiki nazo haziharibiki upesi. Antibaiotiki mbili zinawashika kutoka pande mbili.

Dozi inayotumika sana kwa mtu mzima ni omeprazoli miligramu 20, amoksisilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote asubuhi na jioni kwa siku 14. Omeprazoli inamezwa nusu saa kabla ya kula. Asiyepatana na penisilini hubadilishiwa amoksisilini, mara nyingi kwa metronidazoli, na hapo pombe haiguswi. Mahali ambapo klarithromaisini imeshazoeleka na bakteria, daktari huchagua mchanganyiko mwingine.

Hesabu mwenyewe. Kama amoksisilini ni za miligramu 500, unameza vidonge 8 kwa siku ukijumlisha dawa zote tatu (4 vya amoksisilini, 2 vya omeprazoli, 2 vya klarithromaisini), 112 kwa dozi nzima. Ulichobeba kwenye kibahasha kikiwa 30, umebeba mwanzo wa usugu.

Siku ya nne maumivu yameisha. Niache?

Endelea. Aliyeondoa maumivu ni omeprazoli, kwa kupunguza asidi. Bakteria bado wapo.

Siku ya tisa najisikia mzima kabisa, na mdomo una ladha ya chuma.

Endelea. Ladha hiyo ni ya dawa na itaondoka. Bakteria bado wapo. Ukiharisha kidogo, endelea. Ukitoka vipele mwili mzima, ukivimba uso au ukiharisha damu, acha na urudi kituoni siku hiyo.

Mume wangu naye tumbo linamsumbua. Nimegawia nusu.

Sasa nyumba ina watu wawili ambao hawajatibiwa, na bakteria waliojifunza dawa. Waliobaki hai baada ya nusu dozi ni wale waliokaa chini kabisa ya utando na wale wanaoivumilia dawa, na hao ndio watakaozaa. Mara ya pili klarithromaisini ileile inaweza isifanye kazi. Mume apimwe, apate dozi yake.

Na yule anayekunywa omeprazoli na dawa za maji za tumbo mwaka wa tatu sasa, kila kiungulia kikipanda?

Anatuliza moshi. Maziwa ndiyo hivyohivyo: yanapooza kwa muda mfupi, kisha tumbo linatoa asidi zaidi. Helicobacter anayeachwa miaka anaweza kuleta kidonda kinachovuja damu, kidonda kinachotoboka, na kwa wachache saratani ya tumbo. Tangu mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la WHO limemweka kwenye kundi la visababishi vya uhakika. Kapimwe.

Kipimo kipi?

Cha choo au cha kupuliza pumzi. Acha omeprazoli wiki 2 kabla, na antibaiotiki wiki 4 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna wakati unao. Kile cha tone la damu kinaonyesha kinga tu, na kinga hubaki hata baada ya kupona. Kuna watu wametibiwa mara tatu, nne kwa sababu ya kipimo hicho, wakiwa hawana tena bakteria. Dozi ikiisha, subiri angalau wiki 4, kisha rudia kipimo cha choo au pumzi. Kikisema huna, umepona. Kutosikia maumivu hakuhesabiki.

Naumwa mgongo pia, huwa namezea diklofenaki.

Hiyo ni njia ya pili kubwa ya kupata kidonda, na haihitaji bakteria hata mmoja. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Mwenye vidonda asijinunulie. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli bila kuzidisha dozi, na kama aspirini uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumwuliza aliyeiandika.

Dalili zipi hazisubiri kesho?

Kutapika damu, au matapishi kama unga wa kahawa. Choo cheusi tii, kinachonata kama lami na chenye harufu kali (vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya choo cheusi, ila hakinati hivyo). Maumivu ya ghafla kama kuchomwa kisu na tumbo kuwa gumu kama ubao. Kizunguzungu na jasho jembamba vikiambatana na mojawapo. Ukipata haya, usinywe maziwa, usinywe chochote. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji. Anayekonda bila sababu, anayekwamwa na chakula, na mtu mwenye umri uliosonga ambaye maumivu ya tumbo ni mapya kwake, aombe rufaa ya kipimo cha kamera wiki hiyohiyo.

Nikija, nije na nini?

Pakiti zote za dawa ulizotumia, hata zilizo tupu, na zile ulizogawiwa na jirani. Ukisema tu "nilikunywa za rangi mbili", hatujui ni ipi, na tunaweza kukuandikia ileile iliyoshindwa.